Mwezi wa Mvua

Sadala, mkatisha tiketi, alimtambua mtalaka wake tangu mlangoni: Riziki, hina ya harusi haijafifia mikononi, na ubavuni mume mpya.

"Tunakwenda fungate ng'ambo, ndugu," mume alisema. "Huko majira gani mazuri?"

Sadala alijua fika ni mwezi wa sita, jua la upole na matunda tele. Lakini wivu ulimshinda. Akafunua kalenda, akaweka kidole kwenye mwezi wa kumi na moja.

"Huu hauna mfano."

"Si mvua tupu huko, kutwa kucha?" Riziki aliuliza.

"Mvua?" Mume alicheka. "Kheri! Nani kasema tutatoka ndani?"

Riziki akainama kuficha tabasamu. Akaivuta kalenda taratibu kutoka chini ya kidole cha Sadala, akaukunja pembe ukurasa ule.