Kanga Isiyojua Kufumba

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Oktoba, siku doti mia sita za kanga zilipotoka kiwandani zimeandikwa: JIRANI YANGU SIKUPENDI. Nani atavaa hiyo? Kanga hufumba, jirani akichomwa akauliza, mvaaji hujibu, "Mie nimependa maua tu."

Maneno hayo yalitungwa na kompyuta. Wakubwa hawakuuliza mwanamke hata mmoja, na lawama wakambebesha Mwanakombo, aliyeandika programu za mitambo mchana na jioni akitunga majina ya kanga, ile misemo yake, kwa kalamu daftarini mwake.

"Ifundishe kompyuta mafumbo," meneja, Bwana Shamte, alimwamuru. "Ipe daftari lako lote."

"Programu za rangi na vipimo nitakuandikia, bwana. Daftari halimo kwenye mkataba."

"Kwani wewe ni fundi wa kompyuta au malenga?"

"Vyote viwili. Mkono wa kulia ukishika kijiko, wa kushoto hukatwa?"

Wanawake wa kufungasha wakachekea viganjani. Meneja akataka jina jipya kabla ya adhuhuri, akidhani amemkomoa. Mwanakombo akavuta kiti, akaizima ile programu ya kutunga, akaandika lake mwenyewe. Mtambo ukaanza kutema kanga, nyekundu kwa nyeusi:

KASUKU HANA TUSI, ALIYEMFUNZA ANAJIJUA.

Bi Tatu, mkubwa wa wafungashaji, akajifunga moja kiunoni, akapita taratibu mbele ya meneja. Bwana Shamte akasoma, akarudia kusoma.

"Mwanakombo, hapa anasemwa nani?"