Kibao cha Kona ya Sitalike

Mvua za Elinino zilifuta rangi kwenye vibao vyote vya barabara ya Sitalike, isipokuwa cha mgahawa wa Pudensiana. Mumewe, kabla hajafariki, aliziandika herufi zake kwa kuchoma ubao wa mninga kwa nondo ya moto, ili wasafiri wawapate miaka nenda rudi.

Juzi tembo walikivunja. Pudensiana alikusanya vipande, akavisukuma uvunguni mwa kitanda.

Leo mchana akaingia dereva wa lori, mgeni wa njia hii.

“Shikamoo mama. Chakula kipo?”

“Marahaba. Umepajuaje hapa? Kutoka barabarani hapaonekani.”

“Si kwa kibao chako, pale konani! Kuna mzee anakichoma herufi. Kaniomba nimshikie ubao.”

Akanyoosha viganja. Vilikuwa vyeusi kwa masizi, vikinukia mninga ulioungua muda huohuo.

Pudensiana alivishika, akashindwa kuviachia.

“Amesema uje uangalie kama herufi zimenyooka,” dereva akaongeza. “Anakusubiri.”

Ugali ulikuwa bado jikoni. Pudensiana alikaza kitenge kiunoni, akatoka bila kuuepua.