Kompyuta ya Kutafutia Watu

Capitoline alisimama nyuma ya kiti cha Enoka, akiitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Jina lile lile, mama?" Enoka aliuliza.

"Lile lile. Goreth."

Tangu alipokimbia vita Burundi mwaka 1993, mjane huyu alikuwa akitoka kijijini Mwamkulu kwa miguu hadi Mpanda mjini kuuliza habari za mtoto huyo. Mwanzoni ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana ilikuwa na karatasi ukutani na majina ya kusomwa redioni. Swali moja lilikaa miezi bila jibu. Sasa ilikuwa 1998, na mashine ilikuwa imeletwa. Kila diski mpya ilipofika kutoka Kigoma, ilikuja na majina ya wanaotafutana kwenye kambi zote za wakimbizi. Enoka, kijana mwenye kuipenda kazi yake, alimweleza kwamba siku hizi hakuna mtu atakayepotea tena. Capitoline alimwomba arudie maneno hayo.

Enoka alimhurumia sana. Kila alipomjibu kwamba hakuna kitu, mama wa watu alikaa kwenye benchi, akajifuta uso kwa kitenge. Akipata nguvu alishukuru kwa sauti ndogo, akaondoka.

Capitoline hakuwa na amani. Shambani, mwanamke mgeni akipita barabarani, aliacha kulima akasimama na jembe mkononi mpaka yule mtu apotee machoni. Hata mchana wa jua kali aliisikia sauti ya kwenye kivuko cha mto Malagarasi, ikiliita jina lile katikati ya watu wanaosukumana kuingia mtumbwini. Ilikuwa ikiita hata wakati anapepeta mahindi. Ilikuwa ikiita kanisani.

Siku hiyo mashine haikusema hakuna.

Enoka alisogeza kiti. Alisoma, akasoma tena, na Capitoline akashika ukingo wa meza.

"Kuna mwanamke yuko kambini Kigoma," Enoka alisema taratibu. "Naye anatafuta binti anayeitwa Goreth. Alimpoteza kivukoni Malagarasi, mtoto akiwa na miaka mitatu."

Enoka alimgeukia.

"Inawezekana ni majina kufanana tu. Anasema mwanawe ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Wako ana kovu, mama?"

Nje lori lilipita likielekea Sitalike, vioo vya dirisha vikatetemeka. Capitoline alisubiri mpaka mlio wake uishe.

"Wangu hana kovu," alisema.

Enoka alishusha pumzi. Alimwambia asikate tamaa, diski nyingine inakuja. Capitoline akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia Mungu ambariki, na kwamba amechoka kutafuta. Hatarudi tena.

Njia nzima alitembea haraka, bila kumsalimia mtu. Alipofika kwake Mwamkulu alimkuta binti wa miaka minane ameinama uani, akiosha masufuria, amekunja mikono ya gauni.

"Shikamoo mama. Mbona unahema?"

Capitoline alipiga magoti mbele yake. Aliushusha mkono wa kushoto wa gauni, akauvuta mpaka ukafunika kiwiko chenye kovu.

"Goreth," alisema, "kuanzia leo utavaa sweta."