Jina Lilibaki

Mahakama iliamua kwamba mwenye timu anayo haki ya kuhamishia wachezaji wake mji mwingine, ila jina la timu na rangi zake zibaki pale zilipozaliwa. Mashabiki walishangilia hadi barabarani. Bi Tabu, aliyefungua kesi hiyo, hakushangilia. Mwanawe Shomvi alikuwa kipa wa timu, na alianguka akafa golini akiokoa penalti. Yeye alitaka timu isimwache Shomvi peke yake.

Nahodha alikuja kumuaga, basi likimngoja nje.

"Shikamoo, mama. Umeshinda."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshinda nini, nanyi mnakwenda?"

Nahodha aliinamisha kichwa. "Huko tutacheza kwa jina jipya. Lakini mpira ukinipita, mama, bado nitageuka kumtafuta Shomvi golini."

Jumamosi iliyofuata, alasiri, miguu ya Bi Tabu ilimpeleka uwanjani kama kawaida yake. Lango lilikuwa wazi. Nyasi zilikuwa zimeanza kurefuka, na majukwaani hapakuwa na mtu. Aliketi nyuma ya goli lile alilofia Shomvi, akaanza kuimba wimbo wa timu kwa sauti ya chini, maana jina lilikuwa bado lao.

Alipofika kwenye kiitikio, alisikia njumu zikigonga saruji ya njia ya wachezaji. Zilikuwa za mtu mmoja tu, asiye na haraka, kama Shomvi alivyozoea kuingia uwanjani.

Bi Tabu hakugeuka. Alipandisha sauti, akaendelea kuimba.