Siku Moja ya Nuala

Baba yake Nuala alikufa alfajiri, na Fintan akaamua kutomwambia mkewe mpaka jioni.

Simu ilimkuta nje ya nyumba ya wageni kule Dingle, akipakia mabegi. Alikuwa Malachy, shemeji yake, kaka wa Nuala.

"Mzee ametutoka. Nuala hapatikani. Mwambie, shemeji, mrudi."

"Nitamwambia," Fintan alisema, akaingia ndani kunywa chai.

Miaka miwili Nuala alimlisha mzee, alimwogesha, alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Fintan ndiye aliyemlazimisha wapumzike wiki moja pwani. "Mzee wako hafi kwa wiki moja," alimwambia. Sasa maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini mke wake alistahili siku moja. Wafike kwenye nyumba ya wageni ya pili, aione bahari, ndipo aambiwe.

Walishika njia. Nuala alicheka kuliko alivyocheka mwaka mzima. Kila Fintan alipoinua kidole kwenye usukani kuwasalimu madereva asiowajua, alimtania.

"Unagombea ubunge, baba Sorcha?"

"Hata wewe hutamchagua, mama!" Sorcha, binti yao wa miaka tisa, alipiga kelele kutoka nyuma.

Kwenye kivuko cha mto Shannon walikula chipsi zenye siki.

"Tumbakishie babu," Sorcha alisema.

"Zitapoa," Nuala akajibu, akitazama maji.

Fintan alifungua mdomo aseme. Akatia chipsi.

Ng'ambo ya pili ilikuwa Clare, kwao, na redio ya nyumbani ikashika. Muda wa kusoma majina ya waliofariki ulikuwa umefika, na hakuna mtu wa Clare anayekubali kuukosa. Fintan akapeleka mkono haraka aizime. Mkono wa Nuala ulifika kwanza.

"Leo hatumlilii mtu," alisema.

Fintan akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akajiona mwizi. Maili zilizobaki hakuweza kumtazama usoni.

Walipofika, Sorcha alikimbilia mchangani. Fintan akamshika mkewe mkono kando ya gari.

"Nisamehe, Nuala. Nimekuficha jambo tangu asubuhi. Malachy alinipigia. Mzee..."

"Alikata roho saa ngapi?"

Hakushtuka. Hakulia. Fintan alimtazama.

"Saa kumi na moja alfajiri."

Nuala alihesabu kwa vidole, kama mtoto wa shule.

"Jana saa mbili usiku nilitoka mezani, mkadhani nimekwenda chooni," alisema. "Malachy ndiye aliyepiga. Alisema mzee amezidiwa, anauliza niko wapi, nije sasa hivi. Nikazima simu. Nikarudi, nikamaliza kula."

Kutoka Dingle hadi kitandani kwa mzee ni mwendo wa saa tatu. Mzee alingoja tisa.