Tangazo la Mlangoni

"Mashine zimeisha, Maman," karani alisema kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai yake vizuri. "Orodha ilifungwa Ijumaa. Tulibandika tangazo ku mlango wiki tatu nzima."

Gaudiose alicheka, akidhani anataniwa. Mashine zenyewe zilikuwa za kusoma vitabu kwa sauti, za wasioona kama yeye. Mtihani wake wa ualimu ulikuwa mwezi ujao, na vitabu vyote vilikuwa ndani ya mashine hizo.

"Mlango gani, Papa?"

"Huo wenye umeshika."

Kila Jumatatu alipanda pikipiki kutoka Gashonga mpaka ofisi hii ya Kamembe kuziulizia. Kila Jumatatu aliambiwa angoje kidogo, naye alingoja papo hapo, kiganja kikiegemea mlango. Sasa vidole vyake viliitafuta karatasi, vikaikuta. Ilikuwa laini kama kitambaa kikuukuu, imelowa jasho la kiganja chake, ikakauka, ikalowa tena.

Aliibandua taratibu, akamnyooshea karani.

"Basi unisomee wewe. Nilifuata mashine, nimepata muntu."

Foleni nzima ilicheka. Karani naye alicheka, akasoma kama mtangazaji wa redio: mashine ni kumi tu, majina yaandikwe kabla ya Ijumaa. Halafu akaanza kuikunja karatasi.

"Mbona umeruka mstari wa mwisho?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa akichungulia begani kwake.

"Soma, Papa. Niko nasikia," Gaudiose alisema.

Karani alikohoa.

"Wasioona wote wanaombwa kulisoma tangazo hili kwa makini, maana hakuna atakayeitwa."

Hakuna aliyecheka.

"Rudia," alisema Gaudiose.