Chupa ya Katikati

Chupa zilikuwa tatu, fupi, za kioo, hazina alama yoyote. Suresh alizichanganya nyuma ya mgongo wake, akazipanga juu ya meza ya chumba cha boila, kisha akaivuta fomu karibu. Moja ina harufu ya gesi, alisema, mbili ni maji matupu. Hamad achague.

Hamad alizitazama tu. Tangu mwaka juzi hakuwa na pua. Ipo usoni, tena kubwa, ya ukoo wao kule Wete, lakini imekufa ganzi. Miaka kumi na tisa ya kutia makaa ya mawe na kuzoa majivu chini ya chuo kile cha Walthamstow haikumwachia kitu.

Sasa chuo kinahamia gesi. Sepetu zimeuzwa chuma chakavu, boila mpya zimeshafungwa, na kati ya watia makaa watatu atabaki mmoja. Hamad ana miaka hamsini na saba. Nani atamwajiri London hii, na mgongo ule? Na sharti ni moja. Gesi haionekani; kinachomtahadharisha mtu ni harufu yake, kama ya yai viza. Asiyeisikia hakai mle chini, maana juu ya dari wapo wanafunzi mia tisa.

Mkewe, Kijakazi, hakuambiwa. Kila Ijumaa hutia udi kwenye chetezo, akaifukiza kanzu ya mumewe, kisha akajifukiza mwenyewe. Zamani Hamad alikuwa akifika mlangoni tu, anatabasamu. Siku hizi anapita, anakaa, anawasha televisheni.

"Baba Riyadh, udi huu si mzuri?" alimuuliza Ijumaa iliyopita.

"Mzuri."

Kijakazi alikiweka chetezo juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Hamad alijua ilimpasa aumie. Hakuumia. Ganzi ile ilikuwa imeshuka kutoka puani ikaenda ilikotaka.

Basi akaja kwenye mtihani na hila moja. Suresh ndiye mkuu wa mitambo, Mhindi wa Kisumu anayekaa Kingsbury, na Kiswahili ndicho kilichowaweka karibu miaka yote hiyo. Naye alianzia kwenye sepetu, miaka mingi, kabla ya kupewa ofisi. Leo kazi yake ni kufungua kizibo kimoja kimoja na kumsogezea mwenzake chupa. Hamad hatanusa, atamtazama Suresh. Hakuna mtu anayefungua yai viza chini ya pua yake asikunje uso.

Kizibo cha kwanza. Uso wa Suresh shwari. Cha pili, shwari. Cha tatu, vilevile. Macho yake yalikuwa kwa Hamad tu, hayapepesi.

Lahaula, binadamu gani huyu! Hamad akaikumbuka siku ya juzi, shali ya Suresh ilipoungua juu ya hita. Moshi umetanda, mwenyewe amekaa pale pale anasoma habari za kriketi, mpaka Hamad akamvuta mkono. Ndivyo alivyo, alijiambia. Mtu anayekula achari ya pilipili kwa kijiko, kama uji, huyo utamwona lini akikunja uso?

"Nakusubiri, Hamad."

Hamad akairudia chupa ya katikati. Akavuta pumzi, akakunja pua, akaisukuma mbali na kukohoa mpaka machozi yakamtoka. Laiti angejitahidi hivyo kwa udi wa Kijakazi.

"Hii hapa."

Suresh alishusha pumzi ndefu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alizifunga chupa zote tatu, akaandika kwenye fomu kwamba Hamad amefaulu, akatia sahihi. Wale wengine wawili, alisema, hakuna haja tena ya kuwaita.

Hamad alisema alhamdulillahi, kwa kuwa ndilo neno la kusema. Moyoni hapakuwa na kitu. Wakafungua gesi, wakawasha boila ya kwanza, na juu yao viti vikaanza kukwaruza sakafu, wanafunzi wanaingia darasani.

Suresh akaenda akafunga mlango. Akarudi, akamwekea Hamad mkono begani, akasema kwa sauti ya chini:

"Sasa nitalala usingizi, ndugu yangu. Mimi makaa yaliniua pua zamani, sisikii harufu ya kitu, na wakubwa hawajui. Hapa nilikuwa nautazama uso wako tu. Kuanzia leo, wewe ndiye pua yetu sote wawili."